Soketi ya nje imebadilishwa, nikichomeka pampu nyumba nzima inazima

Mama Vifaranga

Wakuu mbukwenyi. Naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya umeme. Niko Nzuguni, Dodoma, nyumba ya zamani kidogo, tuliinunua ikiwa na waya tayari. Ukutani nyuma ya jiko kuna soketi ya nje, ndo tunayotumia kwa pampu ya kupandisha maji kutoka simtanki la chini kwenda lile la juu ya mnara, maana maji ya bomba huku yanakuja kwa mgao na yakija hayana presha ya kupanda. Ile soketi ya zamani jua lilishaimaliza, plastiki inameguka ukiigusa, na tundu moja lilianza kuwa jeusi. Nikaona kabla hatujapata maafa niite fundi abadilishe. Akaja kijana mmoja wa mtaani na soketi mpya, ile yenye mfuniko wa kuzuia mvua, akaifunga, akachomeka chaja ya kitochi chake ikapandisha chaji, akasema mama imeisha hiyo. Nikamlipa akaenda zake.

Sasa jioni nachomeka pampu, hata haijazunguka, pu! nyumba nzima giza. Naenda kwenye boksi la breka nakuta breka ndogo zote ziko juu, iliyoanguka ni ile pana yenye kibonye cha T. Nairudisha inakaa. Nachomeka pampu tena, inaanguka tena. Nikasema basi pampu imekufa. Nikajaribu chaja ya simu yangu hii ya kupangusa, nayo ikaangusha vile vile! Lakini kitochi cha bibi kinachaji pale pale kwenye hiyo soketi mpaka kinajaa na hakuna kinachotokea.

Kinachonichanganya zaidi, kwenye hiyo soketi kuna waya unaoendelea kwenda banda la kuku, kule kuna taa, na ile taa inawaka kama kawaida tu, nawasha nazima haina neno.

Fundi nikimpigia simu inaita haipokelewi. Tenki la juu maji yanaishia. Je, soketi ndo mbovu, ni pampu, au nini? Na kuna jirani kaniambia nitoe hiyo breka ya T niunge moja kwa moja eti haina kazi, hapo nimeogopa.

chapuchapu_dom

Pampu hiyo imeingia maji kwenye mota, sili zikichoka maji yanapita hadi kwenye koili. Peleka kwa mafundi wa kuzungusha mota waikaushe.

Jembe la Makole

Jirani yako kasema kweli mama. Hizo breka za T ni kero tu, kimvua kidogo imeanguka, friji ikizeeka kidogo imeanguka. Nyumba ya mzee wangu pale Chamwino hatukuwa nayo miaka yote na hakuna aliyekufa. Mwambie fundi aipite, achukue laivu na nyutro apeleke moja kwa moja kwenye breka ndogo. Pampu itazunguka leo leo.

fundi_nkuhungu

Jembe acha utani na roho za watu. Mama, breka hiyo USIITOE, na usimruhusu mtu yeyote aiguse mpaka nimalize kuandika hapa.

Hiyo ya T ndo RCD, wengine mnaiita eathi likeji. Kazi yake si kama ya breka ndogo. Breka ndogo inaangalia umeme ukizidi, ikiwa ya ampea 20 ukivuta nyingi kuliko hapo inakata. RCD haijali unavuta kiasi gani. Yenyewe imekaa kama askari wa getini anayehesabu wageni walioingia na waliotoka, umeme uliotoka kwa laivu lazima urudi wote kwa nyutro, ukipungua maana yake kuna sehemu umetorokea, labda ardhini, labda mwilini mwa mtu. Angalia pembeni ya kile kibonye, nyumba nyingi utakuta imeandikwa 0.03A, yaani milampea 30. Tofauti ikifika hapo lazima ikate. Kwa utaratibu wa zinavyotengenezwa, chini ya nusu yake, milampea 15, haitakiwi kukata, na hapo katikati ya 15 na 30 ndo inaweza kuanguka popote.

Sasa rudi kwenye maelezo yako, maana umeeleza vizuri kuliko wateja wangu wengi. Chaja ya kitochi inakula umeme kiduchu sana, milampea kumi na kitu hivi. Chaja ya simu kubwa inakula mara kadhaa ya hiyo. Pampu ndo usiseme, ampea kadhaa. Ndogo inapita, ya kati inaangusha, kubwa inaangusha. Hii si pampu kuingia maji. Pampu yenye maji ingeangusha yenyewe, isingeifundisha chaja ya simu kuangusha. Inavyoonekana umeme WOTE unaotumika kwenye ile soketi haurudi kwa nyutro, unarudi kwa njia nyingine. Na mimi njia hiyo naihisi, ila kabla sijasema naomba ufanye kitu kimoja ambacho hakihitaji kufungua chochote.

Chukua ekstensheni nzima, yenye pini tatu na waya wa eathi ndani, ichomeke kwenye soketi ya jikoni, ipitishe dirishani, uchomeke pampu humo. Mikono mikavu, viatu miguuni, na ekstensheni isilale kwenye maji. Halafu niambie pampu inazunguka au inaangusha.

binti_wa_Ilazo

Nafuatilia, na sisi ya kwetu ya nje ina shida inafanana.

Mama Vifaranga

Asante fundi. Nimefanya na kijana wangu wa form three. Pampu imezunguka kupitia jikoni bila tatizo, na tenki la juu limejaa hapa ninapoandika, Mungu akubariki kwa hilo tu. Breka haijaanguka. Kwenye boksi nimeangalia imeandikwa 63A halafu chini 0.03A kama ulivyosema.

Kwa hiyo ni soketi mbovu? Nirudishe dukani?

fundi_nkuhungu

Soketi haina kosa mama, usihangaike kwenda dukani. Pampu nayo nzima. Dau langu ni hili: nyuma ya ile soketi mpya, nyutro na eathi zimebadilishana nafasi.

Umeme unaingia kwenye pampu kwa laivu kama kawaida. Ukitaka kurudi, pale panapotakiwa pawe na nyutro umekutana na waya wa eathi, unashuka nao mpaka kwenye rodi, ile fimbo ya chuma iliyogongwa ardhini. RCD pale ndani inaona umetoka haujarudi, inakata. Iko sahihi kabisa.

Na taa ya banda la kuku ndo shahidi wangu mkubwa. Kwenye soketi kama hiyo nyuma kuna waya mbili mbili, moja inaingia moja inaendelea bandani. Kama fundi kazichukua nyutro zote mbili kazibana pamoja kwenye skrubu ya eathi, na eathi zote mbili kazibana kwenye skrubu ya nyutro, basi nyutro inayoenda bandani bado imegusana na nyutro inayotoka ndani. Taa haijui kama zimebanwa kwenye skrubu yenye jina gani, yenyewe inapata laivu yake na nyutro yake. Anayeumia ni yule anayechomeka plagi kwenye matundu ya soketi tu. Kama waya ungekuwa umeharibika ukutani, hata taa ingeangusha.

Jembe la Makole

Mkuu hapo umeruka sana. Mimi nina maltimita, nimeshapima soketi nyingi. Kama nyutro na eathi zingebadilishana si angepima tu akaona? Laivu na nyutro 230, laivu na eathi hakuna kitu. Kijana bila shaka alipima.

fundi_nkuhungu

Hapo ndo mita inapowadanganya watu wengi mkuu. Pima laivu na nyutro, utapata 230 au karibu yake. Pima laivu na eathi, utapata 230 au karibu yake pia, maana nyutro nayo imezikwa ardhini kule kwenye transfoma. Zibadilishe nafasi upime tena, namba ni zile zile, labda zipishane voti mbili tatu. Mita haivuti umeme wa maana kwa hiyo RCD haishtuki. Testa ya bisibisi ndo kabisa, yenyewe inawaka kwenye laivu basi, nyutro na eathi zote kwake ni giza. Na chaja ya kitochi ikapita. Kijana hakuwa na namna ya kujua kama hakuchomeka kitu kizito, na hapo ndo ninapomlaumu, unaifunga soketi ya pampu unaondoka bila kuijaribu na pampu?

Kipimo cha kweli ni umeme ukiwa umezimwa. Unashusha meni swichi, ile inakata laivu na nyutro zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo nyutro ya ndani inabaki haijashikana na ardhi. Unaweka mita kwenye mlio, yaani inalia ncha zake mbili zikigusa waya ulioungana. Ncha moja tundu la juu la soketi ya jikoni, lile la eathi, ncha nyingine tundu la juu la soketi ya nje. Ikilia, eathi iko mahali pake. Isipolia, halafu ukapeleka ncha kwenye tundu la kushoto ikalia, kesi imeisha. Kumbuka ukiitazama soketi kwa mbele eathi ni juu, nyutro kushoto, laivu kulia. Yale matundu mawili ya chini yana vizibo ndani, usiyachokonoe na msumari, tumia plagi uliyoifungua yenye vipande vya waya.

Mama haya si ya kwako, ni ya fundi. Wewe kwa sasa shusha breka ndogo inayolisha ile soketi, na taa ya kuku izimike kwa muda. Maji endelea kupandisha kwa njia ya jikoni mkiwa mmesimama pale pale.

mwalimu_volti

Naongezea kwa hesabu kwa ajili ya Jembe na wote wanaosema toa RCD, maana nafundisha fizikia na huu mfano nitaupeleka darasani.

Tuseme rodi yake ya eathi ina ukinzani wa omu 50. Kwa udongo wetu wa Dodoma kiangazi hiyo si mbaya hata, kuna rodi huku zinazidi hapo mbali. Sasa friji ikapata hitilafu, laivu ikagusa bodi yake ya chuma. Umeme unaopita ardhini ni 230 gawanya kwa 50, unapata ampea 4.6. Breka ya ampea 20 ikiona 4.6 inaona kama pasi ya nguo imewashwa, inatulia. Bodi ya friji inabaki na umeme mpaka mtu aiguse. RCD ya milampea 30 kwenye hali hiyo hiyo inakata pale pale. Kwa nyumba zetu zinazotegemea rodi ya uwani, breka peke yake haimlindi mtu, RCD ndo inayomlinda.

Njoo kwa mama sasa. Tuseme angemsikiliza jirani akatoa RCD, nyutro na eathi zikiwa zimegeuzwa. Pampu inayovuta ampea 4 ni sawa na ukinzani wa omu 57 hivi. Iunganishe mfululizo na rodi ya omu 50. Voti zinagawana karibu nusu kwa nusu, pampu inapata nusu na kidogo na kuanza kuunguruma bila kuzunguka, na ile nusu nyingine, zaidi ya voti 100, inakaa kwenye rodi. Na rodi imeshikana na nini? Na eathi ya nyumba nzima. Bodi ya friji, hita ya bafuni, jiko la umeme, mashine ya kufulia, vyote vinapanda voti mia na kitu kila pampu inapowashwa. Mtoto anafungua friji peku sakafu ikiwa na maji... Na breka haianguki, kwa sababu hakuna kilichozidi.

Hapo bado sijagusa kwamba bodi ya pampu yenyewe sasa imefungwa kwenye nyutro. Nyutro ikikatika popote kati ya boksi la breka na nguzo, huku kuna kitu kimewashwa ndani ya nyumba, bodi ya pampu inapata 230 nzima nzima.

Jembe la Makole

Duh. Haya nimenyoosha mikono. Ila bado nasema zile za bei rahisi zinaanguka bila sababu.

mwalimu_volti

Sababu ipo, hujaitafuta tu. Mara nyingi ni hita au pasi yenye koili iliyoanza kuvuja, au boksi la nje limeingia maji.

Mama Vifaranga

Wakuu nimerudi na majibu. Nilipata fundi mwingine, huyu ana leseni ya EWURA nikamwomba anioneshe kabisa maana nilishachoka na wa mtaani. Nikamsomea maelezo ya fundi_nkuhungu akacheka akasema huyo mtu hajakosea, akashusha meni swichi, akaweka mita yake kwenye mlio. Tundu la juu kimya. La kushoto, tiiiii.

Akafungua. Ni kama mlivyosema, nyeusi mbili ziko kwenye skrubu ya E, kijani mbili ziko kwenye N. Akaniita nikaangalie. Kumbe nyumba yetu haina ule waya bapa wenye tatu ndani, ni waya moja moja zimepitishwa kwenye paipu, nyekundu nyeusi na kijani, na ile kijani kwa vumbi na joto la miaka imekuwa ya giza kiasi kwamba pale kwenye kivuli mimi mwenyewe nisingejua ipi ni ipi. Akachukua kitambaa akaifuta ndo ukijani ukatokea. Halafu akanionesha kitu kingine, akatoa ile soketi ya zamani kwenye ndoo ya takataka akaigeuza nyuma. Skrubu ya eathi ya zamani iko upande mmoja, ya mpya iko upande mwingine, kila kampuni inapanga nyuma inavyotaka. Na zile waya zilikaa muda mrefu kwenye soketi ya zamani, zimejikunja zikakariri, ukizivuta mbele kila moja inaenda yenyewe upande wake ule ule wa zamani. Kijana kazifuata zilivyokuja, hakusoma herufi.

Cha tatu, na hiki hakuna aliyekitaja, skrubu ya laivu ilikuwa imebana nusu. Waya mbili nene kwenye tundu moja, moja imebanwa nyingine inacheza ukiitingisha kwa kidole. Akasema kwa pampu hiyo ingeungua upya ndani ya muda mfupi, na bila shaka kulegea kama huko ndo kulikoiunguza ile ya mwanzo. Ncha ya waya mmoja ganda lake lilishakuwa la kahawia na gumu, akakata kipande akamenya upya, akazisokota zote mbili kwa plaizi, akabana, akavuta moja moja kuhakikisha.

Tumewasha, pampu inazunguka, chaja haiangushi, taa ya kuku iko vizuri. Akabonyeza T breka ikaanguka, akasema iko hai, nibonyeze kila mwezi na siku isipoanguka nimpigie.

fundi_nkuhungu

Safi sana mama. Hiyo ya skrubu kulegea ni kweli, mimi ningeiona nikifungua ila sikuitaja na ilistahili. Pampu inapoanza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida kwa sekunde chache, na palipolegea ndo pale panapochemka. Soketi nyingi za nje zinazoletwa kwangu zimeungua upande wa laivu, watu wanalaumu umeme wa TANESCO kumbe ni bisibisi.

Sasa nakushauri la ziada ukipata hela. RCD yako iko moja kwa nyumba nzima, kwa hiyo kitu cha nje kikileta shida unabaki gizani na friji imezima na taa ya vifaranga imezima. Kuna breka ambayo ndani yake ina RCD tayari, inaitwa RCBO, inalinda laini moja tu. Mwambie fundi wako akuwekee hiyo kwa laini ya nje, ila aipange isiwe chini ya ile RCD kubwa, la sivyo zitaanguka zote mbili pamoja au itaanguka ile usiyoitaka. Na taa ya banda itolewe kwenye laini ya pampu ihamie kwenye laini nyingine, vifaranga wa wiki ya kwanza wakikosa joto usiku mmoja wa mwezi wa saba na upepo wa huku asubuhi unaokota.

binti_wa_Ilazo

Naomba niingize yangu hapo hapo. Sisi ya nje imefungwa vizuri, tulipima, pampu inafanya kazi miezi yote, ila mvua za Desemba zikianza tu ikinyesha na upepo breka ya T inaanguka, jua likitoka inarudi. Mfuniko upo.

fundi_nkuhungu

Hiyo yako ni maji dada, haina utata. Niambie plagi ya pampu inakaa humo muda wote?

binti_wa_Ilazo

Ndiyo haitolewi.

fundi_nkuhungu

Na mfuniko unafunga plagi ikiwa ndani?

binti_wa_Ilazo

Haufungi, unaegemea juu ya plagi.

fundi_nkuhungu

Basi huna mfuniko. Ile IP66 waliyoandika kwenye boksi, alama ya kuzuia vumbi na maji, ni ya mfuniko ukiwa umefungwa, ukiuacha wazi ni soketi ya sebuleni iliyowekwa nje. Zipo zenye mfuniko wa kina kirefu, plagi inakaa ndani na waya unatokea chini kwenye kijitundu chenye raba, nunua hiyo. Ukiifunga, paipu ya waya iingilie kwa chini au kwa nyuma, isiingilie kwa juu, maana maji ya bati yanafuata paipu yanashuka nayo ndani. Silikoni paka juu na pembeni mbili pale boksi linapokutana na ukuta, CHINI usipake, maji yakipenya yapate pa kutokea. Maboksi mengi yana alama chini ya kutoboa kijitundu cha kutolea maji, na watu hawatoboi.

Na mkishusha umeme mkafungua, angalieni nyigu. Huku wale wa matope wanapenda sana boksi la soketi, wanajenga ndani kabisa kati ya skrubu, kiangazi lile tope ni kavu halina neno, mvua ikija linanyonya unyevu na linakuwa daraja kati ya laivu na eathi. Mjusi naye akiingia akafia humo ni hivyo hivyo.

chapuchapu_dom

Mjusi nimewahi kumkuta, amekauka kabisa kakumbatia skrubu mbili.

Mama Vifaranga

Nina swali la mwisho wakuu. Yule fundi alipima rodi yangu ya eathi na kifaa chake akasema ni dhaifu, ikipatikana nafasi niiboreshe kabla ya kiangazi kukolea. Mume wangu anasema kijijini kwao walikuwa wanamwaga chumvi na mkaa kwenye shimo. Nimwage?

mwalimu_volti

Chumvi inashusha ukinzani kweli, ila mvua mbili tatu inaoshwa na wakati huo imeshaanza kuila rodi na kiungo chake. Kumwaga maji kiangazi kunasaidia siku hiyo hiyo tu, kesho jua limeyanyonya.

fundi_nkuhungu

Chumvi hapana. Ongeza rodi ya pili, iende chini kadiri udongo utakavyokubali maana unyevu wetu uko chini, juu ni vumbi tu. Iwe mbali na ya kwanza angalau urefu wa rodi yenyewe, ukizibananisha pamoja faida inakuwa ndogo. Ziunganishwe kwa waya wa kopa na klampu nzima, isiwe ya kuzungushia waya kwa mkono. Na kama una sehemu maji ya kuoga au ya kufulia yanapotokea ukutani, igongwe karibu na hapo, ardhi inabaki na unyevu mwaka mzima.

Mama Vifaranga

Maji ya kufulia yanatokea upande wa mpapai, pako mbali kidogo na ile ya zamani. Kuigonga inabidi tuzime umeme?

fundi_nkuhungu

Kugonga hapana, ila muulize kwanza anayejua paipu ya maji imepita wapi. Wakati wa kuunganisha ndo mshushe meni swichi, msifungue eathi ya zamani nyumba ikiwa na umeme. Akimaliza apime tena rodi zote mbili zikiwa pamoja, akuandikie ile namba.